Re: Naweza kupunguziwa kodi kwa laptopu ya kazi?

Habari mkuu. Unafanya kazi za kuhariri picha na video hapo Nyegezi, umenunua laptopu ya milioni 2, unataka ipunguze kodi yako.

Kabla ya yote angalia unalipaje kodi. Kama TRA (Mamlaka ya Mapato) wanakukadiria kwa mauzo, yaani mauzo yako hayazidi milioni 100 kwa mwaka, laptopu haikusaidii. Kodi inatoka kwenye mauzo, gharama hazihesabiwi. Wengi hapa Mwanza wanapotezea muda hapo.

Kama unatengeneza hesabu na unalipa kwa faida, hutoi milioni 2 yote kwenye faida kwa mkupuo. Unatoa uchakavu, yaani thamani inayopungua kila mwaka: kwenye madaraja ya mali ya sheria ya kodi kompyuta ni daraja la 1, asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki. Mwaka wa kwanza 750,000, wa pili 468,750. Kama watoto nao wanaichezea jioni, toa sehemu ya kazi tu.

Risiti sasa, na hapa nakusihi. Iwe ya EFD (mashine ya risiti ya kielektroniki), yenye jina na TIN yako, namba yako ya mlipakodi. Mimi silipii kitu cha kazi pale sokoni Makoroboi kabla sijaona TIN yangu kwenye karatasi. Wino wake unafifia haraka, ipige picha leo leo.