Neva haiungi, huchipua

Msomaji wa Morogoro, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ameniandikia: "Wagonjwa wangu waliojikata mkononi huniuliza kama mshipa umeshaunga. Kwingine nimesoma kwamba neva, yaani huo mshipa wa fahamu, 'huzaliwa upya'. Lipi ni sahihi?"

Hakuna hata moja, na hilo la kwanza limenikera miaka mingi.

Kuunga ni neno zuri likikaa mahali pake. Mfupa huunga: pande mbili zilizovunjika hukutanishwa, hufungwa gango au plasta, zikashikana. Daktari naye huunga neva kwa kushona ganda lake kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kazi ya kuunga inaishia hapo. Ukimwambia mgonjwa "neva imeunga", umemwaminisha kwamba vipande viwili vimeshikana na kesho vidole vitaamka. Si kweli hata kidogo. Unyuzi wa neva, ambao ni mkia mrefu wa seli moja, ukikatwa, sehemu yote iliyotengwa na seli yake hufa, mpaka kwenye ncha ya kidole. Mwingereza Augustus Waller alilieleza jambo hilo mwaka 1850, baada ya kukata neva za ulimi wa chura na kuona kipande cha mbele kikimong'onyoka. Kilichokufa hakiungi. Uhai hutoka upande wa juu, ambao bado umeshikamana na seli yake huko shingoni. Unyuzi huota ncha mpya, ncha ikaingia kwenye mfereji ulioachwa wazi na unyuzi wa zamani, na humo seli za Schwann, zile zinazoufunika unyuzi, zimejipanga kuionyesha njia. Hutambaa kiasi cha milimita 1 kwa siku.

Kata mwarobaini, usubiri mvua. Kisiki kikitoa machipukizi, nani atasema tawi limeunga?

Namfahamu fundi wa madirisha aliyekatwa na kioo kwenye kifundo cha mkono. Alishonwa vizuri. Wiki ya tatu, nyuzi zilipotolewa, akaambiwa, "Mshipa umeunga, nenda kafanye mazoezi." Akaenda. Lakini kidole gumba na cha shahada vilikuwa na ganzi ile ile; siku moja akashika sufuria ya moto asijue mpaka aliposikia harufu ya ngozi. Akaamini upasuaji umeshindwa, mazoezi akayaacha. Hebu tupige hesabu ambayo hakupigiwa: kutoka kifundo mpaka ncha ya kidole cha shahada ni kama sentimita 18, yaani milimita 180, yaani miezi sita, bila kuhesabu wiki za mwanzo kabla ncha haijaanza safari. Angeambiwa "imeanza kuchipua", angeuliza swali analouliza kila mkulima: itafika lini? Neno moja lilimnyima swali hilo, nalo ndilo lingemfanya avumilie.

"Kuzaliwa upya" nalo si lake. Seli haikuzaliwa tena. Ni ile ile aliyokuwa nayo tangu utotoni.

Kuhusu mshipa, sina ugomvi na mzee anayesema mshipa wa fahamu. Ila neno hilo tumelitwisha mishipa ya damu, neva, hata ngiri, na katika chumba cha matibabu mzigo huo unapoteza watu. Semeni neva. Tumelitoa kwa Kiingereza, kilicholipata kwa Kilatini, ambako nervus ilikuwa kano na hata ugwe wa upinde. Kumbe na wao walianza kwa kuchanganya.

Angalizo moja: kuchipua huku ni kwa neva za mikono, miguu na uso. Nyuzi za ndani ya ubongo na uti wa mgongo zikikatwa kwa mtu mzima, mazingira yake huzizuia kurefuka, hivyo msimwahidi aliyevunjika mgongo machipukizi.

Kwa wagonjwa wako wa mikono, tumia kipimo alichokieleza daktari Mfaransa Jules Tinel mwaka 1915. Gonga polepole kwa kidole kufuata njia ya neva. Pale mgonjwa anaposikia vijisindano vikimkimbilia vidoleni, ncha zimefika hapo. Weka alama ya kalamu, pima umbali kutoka kwenye kovu, uandike. Mwezi ujao gonga tena, na usimuulize kama imeunga. Muulize imefika wapi.