Nyumba ya Bacchus Marsh: dakika 50 za dalali na asubuhi yangu

Mkuu, umeuliza kama uinunue ile nyumba ya vyumba vinne kule Darley, mtaa wa Bacchus Marsh, mji ulio nje ya Melbourne, Australia, kwa sababu tangazo linasema treni hadi Melbourne ni dakika 50 na uwanja unatosha watoto kucheza mpira. Naishi mji huu mwaka wa sita, na treni hiyo ndiyo yangu.

Dalali hajadanganya, ila dakika zake zinahesabiwa treni ikishaondoka. Stesheni iko kusini mwa mji, Darley ni kaskazini, ng'ambo ya barabara kuu ya Western Freeway. Kwa miguu, Julai baridi inapouma masikio, huendi. Utaendesha, utahangaika na maegesho, utashuka Southern Cross, stesheni ya katikati ya Melbourne, kisha tramu. Kutoka mlangoni kwangu hadi kazini ni saa moja na dakika 40. Siku wakitengeneza reli mnapakiwa kwenye mabasi, na hapo usiulize. Afueni ni nauli: tangu Machi 2023, kikomo cha nauli ya siku kwa treni za mikoani katika jimbo letu la Victoria ni sawa na cha Melbourne mjini.

Kwa hiyo usiishie kwenda Jumamosi, dalali akiwa amefungua mapazia na nyumba inanukia maua. Nenda Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, uanzie pale getini, ufike hadi kazini kwako.

Sasa kosa langu. Nyumba ya kwanza tuliyoipenda nilisaini Jumamosi jioni, dalali akininong'oneza kwamba kuna familia nyingine inaitaka. Zile karatasi za muuzaji, hapa wanaziita Section 32, nilizipekua tu. Jumapili usiku mke wangu, nesi, mtu wa kusoma hadi maandishi madogo ya chupa ya dawa, akaniwekea kidole kwenye ramani: mistari miwili ya nukta nukta nyuma ya uwanja. Bomba la maji taka. Juu yake hujengi bila kibali, na ndipo tulipopanga kumjengea mama chumba.

Victoria inakupa siku tatu za kazi kubadili mawazo. Jumanne tukajitoa kwa maandishi, wakatukata asilimia 0.2: dola 1,160 kwenye bei ya 580,000. Ziliniuma wiki nzima. Lakini ingekuwa mnada, hata hiyo nafasi hakuna. Nyundo ikigonga, nyumba ni yako.

Hii tunayokaa tulimleta kwanza mkaguzi wa majengo na mchwa. Juu ya dirisha la jikoni kulikuwa na ufa unaopanda kama ngazi, unafuata saruji kati ya matofali. Udongo wa mfinyanzi chini ya nyumba huvimba mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi, na mti mkubwa karibu na ukuta huzidisha. Tuliutumia ufa huo kushusha bei.

Mji wenyewe siujutii. Kuna barabara yenye miti 281 iliyopandwa 1918 kuwaenzi wanajeshi wa hapa, na pembeni yake mashamba ya matunda. Desemba wanangu hurudi midomo myekundu kwa cheri.

Ila hujasema una visa gani. Kama ni ya muda, tangu 1 Aprili 2025 hadi 31 Machi 2027 kwa kawaida huruhusiwi kununua nyumba iliyokwishajengwa. Mwenye ukaazi wa kudumu haimhusu. Tuambie hilo, na zamu zako zinaanza saa ngapi, nikwambie ni treni ipi utakayoikimbilia.