Samaki hawali mwisho wa kiangazi: kosa liko kwenye saa au kwenye maji?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Navua kwa mshipi, mara kwenye miamba, mara kwa mashua ndogo ndani ya ghuba yenye majani mengi ya bahari. Tangu kiangazi kielekee ukingoni, samaki hawali. Nimeshauriwa niwahi alfajiri. Nawahi, lakini ghubani sipati hata mguso. Kamba wangu wa chambo nao hufa ndooni kabla ya saa tano asubuhi, na samaki wachache ninaowapata hulegea nyama kabla sijafika nyumbani. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, ushauri wa alfajiri si mbaya, ila hautoshi kila mahali.

Bahari huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Jua limeshaanza kupungua makali, lakini maji ya juu ndiyo kwanza yamefika kilele cha joto: Agosti na Septemba kaskazini mwa dunia, Februari na Machi kusini. Maji ya bahari yenye nyuzijoto 15 huweza kubeba oksijeni kiasi cha miligramu 8 kwa lita; yakifika nyuzi 30 hubeba 6 na ushee tu. Na samaki, ambaye joto la mwili wake kwa kawaida hufuata la maji, huhitaji oksijeni karibu mara mbili kila joto linapopanda nyuzi 10. Kipato kimeshuka, matumizi yamepanda. Basi husogea penye hewa na ubaridi kidogo, na huko ndiko umfuate.

Sasa tuitazame ghuba yako. Mchana majani na mwani hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku hayatoi, nayo huivuta kama viumbe wengine, hivyo akiba huliwa usiku kucha na kufika chini kabisa karibu na mapambazuko. Saa hiyohiyo ndiyo unayoingia na mshipi wako! Ukiona visamaki vinahema juu ya maji na kaa wamepanda kwenye mawe, kunja mshipi, hapo hakuna wa kula. Kwenye miamba inayopigwa na mawimbi mambo ni mengine: maji yanachanganyika na hewa muda wote, na alfajiri ni saa nzuri kweli.

Kwa hiyo ghubani fuata mwendo wa maji, saa ya ukutani iache. Subiri maji yaanze kujaa, kisha kaa kwenye mlango wa ghuba, pale maji ya bahari kuu yanapoingia yakiwa na ubaridi na hewa. Mimi hutupa chambo pembeni mwa mkondo, si katikati, kwa sababu samaki aliyechoka na joto hapendi kupambana na maji. Hujibanza nyuma ya jiwe na kungoja kinachopita. Bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa sana mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndiyo ya kuwinda, hasa zile za karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana, Machi na Septemba, maana huwa kubwa kuliko za kawaida. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ghuba hubaki imetuama, nami singepoteza chambo changu humo.

Ukiwa kwenye mashua, tafuta kina. Chini ya maji moto mara nyingi kuna tabaka baridi, na huhitaji chombo cha gharama kulijua: shusha chubwi kubwa, kile kipande cha risasi cha kuzamishia mshipi, hadi kina unachotaka, liache dakika mbili tatu, livute upesi ulishike kiganjani. Risasi hutunza baridi. Likija la baridi ghafla, umevuka mpaka wa matabaka; pandisha ndoana kidogo, ikae juu tu ya mpaka huo. Usikimbilie kuilaza sakafuni, kwani katika ghuba zilizofungana maji ya chini kabisa huweza kukosa oksijeni.

Kamba wako wanakosa pumzi. Punguza idadi, tumia ndoo nyeupe badala ya nyeusi, weka pampu ndogo ya hewa yenye mapovu madogo, na mtoe haraka yeyote aliyekufa. Ukibadilisha maji, badilisha sehemu tu, polepole. Barafu usiimwage ndani: maji yake hupunguza chumvi, na ya bomba huweza kuwa na klorini. Igandishe kwenye chupa iliyofungwa, uiache ielee ndooni.

Kuhusu nyama kulegea, mtoe samaki damu mara tu unapomkata pumzi, kisha mzamishe kwenye uji wa barafu na maji ya bahari. Vipande vikavu vya barafu humgusa hapa na pale tu, ila uji humzunguka mwili mzima, na kwa ajili ya chumvi hushuka chini ya sifuri kidogo. Kwa jodari, nguru na vibua hili ni suala la afya: wakikaa kwenye joto, bakteria huzalisha histamini ndani ya nyama, na kupika hakuiondoi wala kugandisha. Mlaji huwaka uso, huumwa kichwa, hutoka vipele. Samaki wa jamii hiyo aliyelala juani saa kadhaa usijaribu kumwokoa kwa barafu, mtupe.