Jibu: Gemu ya pili imerahisishwa mno, nifanyeje?

Pole sana ndugu. Umesema gemu ya kwanza uliicheza kwa miaka ukaijua mifumo yake yote, na sasa ya pili imekuondolea pointi za ujuzi, zile za kukuza uwezo wa mhusika wako. Uchungu huo naujua. Gemu ya Deus Ex ya mwaka 2000 ilikuwa na mfumo wa ujuzi na risasi za aina mbalimbali. Ya pili yake, Invisible War ya 2003, ikafuta ujuzi, na silaha zote zikatumia risasi za aina moja. Mpaka leo inaniuma.

Kwanza angalia muda. Kama uliinunua kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, omba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14, mradi hujafikisha saa 2 za kucheza. Ukiendelea kucheza ili "kuipa nafasi", nafasi yako ya kurudishiwa pesa ndiyo inayopita.

Muda ukiwa umekwisha, panda ngazi ya juu kabisa ya ugumu kabla hujahukumu. Mara nyingine kina kipo, ila ngazi ya kawaida haikulazimishi kukigusa. Isipobadilika, iweke kando usubiri nyongeza: gemu ya Civilization V ilitoka 2010 bila dini wala ujasusi, vyote vikarudi 2012 kwenye nyongeza yake, Gods & Kings. Lakini usilipie nyongeza kwa ahadi tu. Soma kwanza orodha ya mabadiliko.

Modi, yaani mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na wachezaji, nazo husaidia. Nakili mafaili yako ya sevu (yanayohifadhi ulipofikia) kabla ya kuweka hata moja. Mimi sikunakili, nikapoteza wiki nzima ya mchezo.