Kabla hujalipia kamera yako ya kwanza, itoe nje ya duka

Ukienda kununua kamera yako ya kwanza, nenda saa kumi na moja jioni, na usiwe na haraka ya kuondoka. Mchana, chini ya taa nyeupe za dukani, kila kamera ni nzuri. Muuzaji ataielekeza kwenye maboksi yaliyopangwa rafuni, rangi zitawaka, nawe utatoa pesa. Kazi itakayokulisha haifanyiki pale. Kwetu Uganda inafanyika ndani ya hema huko Mukono au Masaka, jua likielekea kuzama, maana sherehe zetu huchelewa kuanza na mambo makubwa yanaangukia magharibi. Na hapa tulipo, karibu kabisa na ikweta, jioni haina urefu: jua likishazama, muda mfupi tu ni giza.

Nilijifunza hili kwenye kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa familia ya bibi harusi. Nilikuwa na Sony a6000 iliyotumika pamoja na lenzi inayouzwa nayo, ile zumu ya milimita 16-50. Mchana kutwa picha zilitoka safi: akina mama ndani ya magauni ya gomesi, vikapu vya matunda, kanzu zilizopigwa pasi zikanyooka. Ikafika zamu ya jogoo. Kwa Waganda jogoo huyo ni wa kaka wa bibi harusi, na familia nzima husubiri kuona akikabidhiwa. Kijana akanyoosha mikono, jogoo akapiga mabawa, watu wakashangilia, nami nikabonyeza mara sita. Nyumbani nikakuta mabawa yamekuwa moshi mtupu, mikono haina vidole, na uso wa kijana umejaa chenga. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaingiza mwanga, ilikuwa 1/15 ya sekunde, polepole mno kwa jogoo anayepiga mabawa. Mama wa bibi harusi alizipitia picha zote polepole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ile ya jogoo iko wapi?" Sikuwa na jibu.

Kamera haikuwa mbovu. Tatizo lilikuwa lenzi, na ningelijua mapema kama ningeijaribu jioni kabla ya kuinunua. Lenzi ile ukiivuta hadi 50 tundu lake la kupitisha mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6, na namba ya f ikiwa ndogo ndipo tundu ni kubwa. Lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga takriban mara kumi ya huo. Kwa hiyo pale nilipokwama kwenye 1/15, ningepata karibu 1/150, na vidole vingeonekana. Utaambiwa kwamba lenzi ina kituliza mtikisiko. Ni kweli, na kinasaidia sana, lakini kinatuliza mkono wako wewe. Jogoo hakimtulizi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue kamera gani, mimi humuuliza amebakiwa na shilingi ngapi za lenzi ya pili. Nunua kamera ya zamani kidogo, halafu pesa iliyobaki iweke kwenye lenzi moja isiyo na zumu, yenye f/1.8 au f/2. Kwa kamera hizi ndogo, ambazo kihisi chake, yaani kile kipande kinachonasa picha, kina upana wa milimita 23 hivi, chagua lenzi ya milimita 35, inayoona eneo pana zaidi, kabla ya 50. Ndani ya hema huna pa kurudi nyuma; ukirudi hatua mbili umekanyaga kamba au umemkalia mzee mapajani. Megapikseli zisikusumbue. Sony a6000 ya 2014 ina 24, na Canon R50 iliyotoka 2023 nayo ina 24.

Angalia pia mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa, kwa sababu ukinunua kamera umenunua na ukoo wake wa lenzi. Canon M50 ya 2018 bado ni kamera nzuri na utaikuta imetumika, lakini Canon imeshauacha ukoo wake wa lenzi, yaani EF-M, na lenzi hizo haziingii kwenye R50. Ukiipata kwa bei nafuu ikiwa na lenzi unazozihitaji, ichukue. Ukipanga kuongeza lenzi moja moja kila mwaka, utafika mahali njia imekwisha.

Sasa hilo jaribio la jioni. Nenda na rafiki mwenye ngozi nyeusi kama wengi wetu, na awe amevaa kanzu au shati jeupe. Nenda na kadi yako mwenyewe ya kumbukumbu. Mwombe muuzaji, kwa adabu, "Bosi, naomba nipige picha mbili tatu hapo mlangoni." Msimamishe rafiki yako mgongo ukiwa barabarani, uso ndani. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa mtu unapotea. Tafuta kidude cha + na −, ongeza kidogo, piga tena. Unachotaka kujua ni hiki: je, kidude hicho unakifikia kwa kidole gumba bila kuondoa jicho, au umezama kwenye menyu huku bibi harusi anapita? Mwambie atembee kuja kwako, uone kama fokasi inamfuata usoni au inakimbilia magari. Kisha kuza picha kwenye skrini uangalie macho na kope. Wapo wauzaji watakaokataa. Waage, nenda duka jingine.

Mahema ya rangi ni mtihani mwingine. Chini ya turubai la bluu watu wote huwa kama wagonjwa, na chini ya jekundu gomesi la njano halijulikani tena ni la rangi gani. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, na mwanzoni piga picha moja ya karatasi nyeupe ukiwa humohumo ndani, ikusaidie kurekebisha rangi baadaye.

Kwa kamera iliyotumika, fungua lenzi uimulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, iache. Sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria unyevu tunaujua vizuri: lenzi zangu hukaa kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Halafu weka tundu kwenye f/16, piga ukuta mweupe, ukuze picha. Madoa meusi yanayobaki mahali palepale kila picha ni vumbi kwenye kihisi. Vumbi linasafishika, kwa hiyo litumie kupunguza bei. Kwenye hizi kamera zisizo na kioo cha ndani, kihisi kiko wazi mara tu lenzi inapotoka, basi usibadilishe lenzi kando ya barabara ya udongo mwekundu huku boda zinapita. Zima kamera, elekeza mdomo chini, jifiche nyuma ya mlango wa gari. Na usipulize kwa mdomo, mate yakitua humo ni kazi ya fundi.

Betri za kamera hizi ni ndogo. Kwa kipimo cha watengenezaji a6000 inapiga kama picha 360 kwa chaji moja, na M50 kama 235. Harusi ya Wanubi kule Bombo, ngoma yao ya doluka ikishapamba moto, picha 235 hazifiki usiku wa manane. Beba betri tatu. Umeme ukikatika, a6000 inachajiwa kwa pawabenki kupitia waya wa USB. M50 haiwezi, inahitaji chaja yake ukutani, kwa hiyo ukinunua hiyo hakikisha chaja imo ndani ya boksi kabla hujaondoka dukani.