Bedford TK au TL? Angalia nyuma ya mlango

Ndugu, umeuliza lori lililo kwenye picha yako ni Bedford TK au TL. Usihangaike na grili wala taa. Kwa magari ya umri huu huenda zimeshabadilishwa mara tatu. Tazama nyuma ya mlango wa dereva. TK, iliyoingia sokoni mwaka 1960, injini yake inakaa nyuma ya viti na kichwa cha lori, yaani chumba cha dereva, hakiinuki, kwa hiyo fundi anaingilia pembeni. Ndiyo maana nyuma ya mlango kuna kifuniko kinachofunguka, na pale kichwa kinaonekana kama kimebonyea. Yako ninakiona kifuniko hicho kabisa, tena bawaba yake imeliwa na kutu. Hiyo si TL. TL ilikuja 1980, na kichwa chake chote kinalala mbele ukitaka kugusa injini.

Ila usiipige muhuri wa TK bado. Kuna KM ya 1966, kichwa ni kilekile, uso umebadilishwa kidogo tu, lakini ni ya kazi nzito, tani 16 na kuendelea. Tupigie picha ya kibati cha chasisi.