Aliyekimbia mvua ni bahati, mama mkwe ni mtego?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nimeolewa miaka 9 na nina watoto 2. Nasuka viti na vikapu vya magugu maji, kibanda changu kiko kando ya barabara ya kwenda Dunga, hapa Kisumu. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mwezi wa tatu bahati ilinishukia. Mvua ilianza ghafla, mtu mmoja akakimbilia kibandani kujikinga, akaketi kwenye kiti changu, kumbe ndiye mnunuzi wa hoteli fulani. Ameagiza viti 24 kwa shilingi 6,500 kila kimoja. Shida ni kwamba wanalipa baada ya kupokea mzigo, nami sikuwa na pesa ya vyuma wala vanishi.*

*Wiki hiyohiyo mama mkwe, ambaye hatujaelewana kwa miaka 2, alitoka kwake Vihiga akaniletea shilingi 40,000. Ameuza ng'ombe. Sikumwomba. Aliketi juu ya mtungi saa nzima akinitazama nikisuka na kulalamikia magoti yake, kisha akaenda zake hata chai hakumaliza. Sikumwomba, Shangazi. Marafiki wananiambia mama mkwe hatoi bure, kikulacho ki nguoni mwako, kesho atataka kunitawala ndani ya nyumba yangu. Ana kinyongo tangu tulipokaza mkanda tukaacha kumtumia ile 3,000 ya kila mwezi. Mume wangu hanisaidii katika kazi hii, kazi yake ni kuniambia nimshukuru mama. Viti vinaendelea vizuri, fremu zinachomelewa usiku. Nataka kumrudishia pesa zake kwa M-Pesa nipate usingizi. Sikumkosea mtu. Nifanyeje?*

*Msukaji, Kisumu*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukosa usingizi, maana kazi ya kusuka inataka macho yaliyolala. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiirudia namwona mtu mwingine anayestahili pole kuliko wewe. Huyo hakuniandikia.

Barua umeisuka vizuri. Ila kuna mabua umeyakunja ukayaficha upande wa chini, na mimi ni mtu wa kugeuza kikapu nikatazama kitako.

Fremu zinachomelewa usiku. Ndivyo ulivyoandika, kama vile vyuma hukutana vyenyewe gizani vikashikana. Mume wako ni fundi wa kuchomelea. Mchana yuko kazini kwa watu anatafuta unga. Usiku ni nani anayevaa ile miwani myeusi na kuinama juu ya cheche mpaka majirani wafunge madirisha? Viti 24, kila kimoja na miguu minne, mikono na mgongo. Umemficha mtu mzima ndani ya kitenzi, na mstari huohuo umesema hakusaidii! Fundi wa nje angetaka malipo ya kwanza kabla hajawasha mashine. Huyu hakudai, ndiyo sababu hukumhesabu.

Halafu ile 3,000. Umeipitisha mbio, kama mtu anayepita na kuku wa jirani kwapani. "Tulikaza mkanda." Mkanda wa nani uliokazwa? Miaka 2 ni miezi 24. Piga hesabu na mimi: 24 mara 3,000 ni 72,000. Hizo hamkumpa. Yeye akauza mali yake akakuletea 40,000, na wewe unaniambia ndiye mwenye kinyongo. Kama hicho ni kinyongo, basi na mimi naomba nionewe kinyongo cha namna hiyo.

Huenda mjini mnasema "ng'ombe" kama mtu anavyosema "simu", kitu cha kuuza na kununua kingine. Vihiga mashamba ni madogo. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita moja ya mraba ya kaunti ile, na walio wengi ni wakulima wa vipande vidogo. Mama mzee kwenye kipande kama hicho hana malisho. Ng'ombe hufungwa, majani hukatwa na kubebwa kichwani mpaka zizini. Maziwa ya jioni yanakwenda kwa jirani kwenye chupa, pesa yake ndiyo sukari, sabuni, mchango wa kanisa na nauli ya kwenda hospitali kutibiwa hayo magoti. Mbolea inakwenda kwenye mahindi na mboga. Mkiacha kumtumia pesa, ng'ombe ndiye anayebaki kuwa mtoto wake mjini. Ndiye ng'ombe ambaye mama alimfungua kamba akamkabidhi mnunuzi, akarudi nyumbani na kamba mkononi. Kesho yake asubuhi aliamka saa ya kukamua, maana mwili haujui kwamba zizi ni tupu.

Unalijua gugu maji kuliko mimi. Likikatwa ziwani ni zito, linateleza, linaonekana zigo kubwa, kumbe zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi ni maji. Unalianika, jua linakunywa yale maji, na bua jembamba linalobaki ndilo unaloweza kusukia kiti. Basi nimeianika barua yako. Marafiki wamekauka wakapeperuka. "Sikumwomba", uliyoiandika mara mbili, nayo imekwenda. Kilichobaki ni mwanamke mwenye magoti mabovu aliyeuza ng'ombe, akapanda matatu, akaketi juu ya mtungi.

Tutarudi kwenye huo mtungi.

Kwanza hii habari ya bahati. Sikukatalii, ilikuwa bahati. Nchi hii imejaa mikono yenye ufundi ambayo hakuna mtu aliyewahi kukimbilia kwake mvua ikinyesha. Wako Tabaka wanaochonga mawe ya Kisii yakawa laini kama sabuni, wako wapiga orutu, ile fidla ya Waluo ya uzi mmoja, wanaotoa watu machozi matangani, na wengi wao watazeeka bila mlango mmoja kufunguka. Wewe umefungukiwa, na kiti alichoketi yule mtu kilikuwa kizuri, kingekuwa kibovu angesubiri mvua ikatike akaenda. Hilo ni lako, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini tazama unavyowapima hawa wawili. Mnunuzi alikuwa anaikimbia mvua, hakuja kukutafuta. Amepata viti vizuri, atalipa baadaye, na hasara yote ikitokea ni yako. Huyo umemwita bahati. Mama mkwe alitoka kwake akijua anakuja kwa nani, akijua hamsemezani, akakuwekea mkononi thamani ya zizi lake bila karatasi. Huyo umemwita mtego.

Na ile bahati ya mvua ingekufa wiki hiyohiyo kwa kukosa vyuma. Baniani mbaya, kiatu chake dawa.

Tena jiulize alijuaje. Wewe hukumwambia. Mwanawe ndiye aliyempigia simu, na sidhani alipiga kuomba, maana mtoto wa kiume aliyeacha kumtumia mamake pesa huona haya kuomba. Nadhani alikuwa anakusifu. "Mama, mke wangu amepata kazi ya hoteli." Mama akasikia furaha na akasikia upungufu uliokuwa nyuma ya furaha hiyo, kama akina mama wanavyosikia. Kwa hiyo huyo mume anayesema tu umshukuru mama, ndiye aliyebeba jina lako mpaka Vihiga.

Nakubali, wapo wakwe watoaji wa mtego. Nimewajua, baadhi yao nimekula nao. Lakini wana alama yao: anayetoa ili aje akutawale hutafuta mashahidi. Hutoa mbele ya shemeji zako, kwenye harusi, au huita kikao kizima. Huyu alikuja peke yake, siku ya kazi, hakula, hakulala, hata kikombe hakukimaliza. Mtu anayetaka kutawala nyumba yako angalau angeingia ndani ya hiyo nyumba. Na chai, mwanangu, nani huiacha chai ya mkwewe? Ni yule aliyeona kwamba uso wa mwenyeji unamhesabia dakika. Umeniandikia kwamba alikwenda zake. Hukuniandikia kwamba ulimsindikiza stendi.

Ndoa za siku hizi zinaniumiza roho kwa jambo hili. Mnajenga nyumba yenye mlango mmoja, ndani mume, mke na watoto, na mlangoni mmeweka marafiki wa simu kama askari wa zamu. Mama mkwe amegeuzwa zimwi la vichekesho, kila kikundi cha WhatsApp kina kisa chake, na msichana anaolewa akiwa tayari amemchukia mtu ambaye hajapika naye hata ugali mmoja. Mgeni akikupisha kwenye foleni unamsimulia wiki nzima, wema wa watu umerudi, Mungu ana watu wake. Wa nyumbani akikubebea mzigo miaka 9, hiyo ni kazi yake. Mmejifunza kuomba, mmejifunza kudai haki zenu, na ni vizuri. Kupokea ndiko hamjui. Mtu akinyoosha mkono wenye kitu, mnatazama kama kuna kisu chini yake. Hivyo ndivyo koo zinavyokatika, watoto wanakua hawajui nyanya yao anacheka vipi, halafu siku ya mazishi mnaagiza maua makubwa.

Nasema haya nikiwa na kovu langu. Nilipokuwa nimeolewa karibuni nilikuwa nashona magauni Nakuru, kwa mashine ya kukodi. Wifi yangu, ambaye nilishaamua ananichukia, alinitumia cherehani ya miguu kwa gari la mizigo. Niliisukuma nyuma ya kitanda miezi sita, nikisubiri aseme anachotaka. Hakusema kitu. Nilipoitoa, panya walikuwa wameguguna mkanda. Nikavuta droo yake ndogo nikitafuta sindano, nikakuta ndani ameniwekea bobini zimekwisha kuvingirishwa uzi tayari: nyeupe, nyeusi, samawati, kijani. Rangi za sare za shule. Yule mwanamke aliketi kwake usiku akafikiria ni nguo gani zitanilipa haraka, akanivingirishia uzi. Na mimi nililala miezi sita mgongo wangu umeielekea ile droo. Niliandika barua ya shukrani ambayo nusu yake ilikuwa kuomba radhi, na sisi ni marafiki mpaka leo, lakini ile miezi sita sijapata wa kunirudishia.

Kwa hiyo usithubutu kutuma hizo pesa kwa M-Pesa. Ujumbe wa shilingi 40,000 ukiingia kwenye simu ya mama yule bila sauti yako, utakuwa umemwambia, chukua vyako tusijuane. Pesa ni ya viti, iende ikafanye viti. Na usiende kwa hoteli na maneno matupu, dai hati ya oda yenye sahihi na muhuri, uwaombe wapokee viti 8 vya kwanza na kuvilipia kabla ya vilivyobaki. Wakikataa, uliza sababu. Hapo ndipo mashaka yako yangekuwa na kazi, si kwa mama.

Malipo yakiingia, mnunulieni mtamba, wewe na mume wako mwende pamoja kumchagua. Asipewe bahasha. Na ile 3,000 irudi mwezi huu, kabla ya hoteli kulipa, hata ikianza na 1,500. Mwambie mumeo leo usiku, akiwa bado na ile miwani usoni, kwamba umeona anachofanya.

Kuhusu kwenda Vihiga, usingoje Krismasi. Krismasi kila mtu huenda, huwezi kutofautisha aliyekuja kwa mapenzi na aliyekuja kwa kuku. Toka Kisumu mpaka Mbale, kule Vihiga, hakufiki mwendo wa saa moja na nusu, na umeshindwa miaka 2. Nenda Jumamosi hii na watoto. Beba majani ya chai, sukari na mkate, na leso kama unaweza. Usikae sebuleni kungoja kuhudumiwa. Pitiliza jikoni, kuna maji ya kuteka na mboga ya kuchambua. Akikuuliza viti vinaendeleaje, mweleze kila kitu, kwa sababu saa nzima alikutazama ukisuka na nina hakika hakuwa anakagua. Alikuwa anaangalia mikono ya mke wa mwanawe ikifanya jambo ambalo hakujua linawezekana kwa majani ya ziwani. Ukishindwa kusema samahani, sema, "Mama, siku ile hukumaliza chai," halafu umwandalie.

Sasa ule mtungi. Kibanda kimejaa viti, mwanangu. Viti ulivyovisuka wewe, vya kuketiwa na mtu anayekimbia mvua ambaye hata jina lake hukulijua. Na mama wa mume wako, mwenye magoti mabovu na pesa ya ng'ombe kifuani, ukamwacha saa nzima juu ya mtungi wa plastiki. Nadhani hiyo ndiyo inayokunyima usingizi, na ndiyo maana ukaiandika bila kuulizwa.

Suka cha 25. Kiinue kidogo kuliko vile vya hoteli, na ukiweke mikono imara, apate pa kushika akitaka kuinuka.